Mama Tujibu: Jirani Yako Akiulizwa Habari Zako, Atasemaje?

Bwana asifiwe wasomaji wangu, wa kisiwani, wa Likoni, Kisauni, Changamwe, na nyinyi wa Mazeras mnaosema ati na nyinyi ni Mombasa, karibuni tu. Mwezi huu tuliwaomba mtuandikie kuhusu kuishi Ukristo ambao mtu akikuangalia atapata la kuiga, na barua zimekuja mpaka mhariri akaniambia Mama punguza. Mimi nilidhani nitaulizwa mambo ya kufunga na kuomba, na zile nguo zetu za kila siku, sketi fupi sketi ndefu. Wapi! Wengi wameuliza pesa, majirani na makelele. Nimefurahi sana manake hayo ndo mambo ambayo watu wa nje hutusomea, kanisani hawaingii lakini sokoni na kwenye ploti tunakutana nao kutwa. Majina nimeyatoa, barua ndefu nimezikata, twende.

*Shikamoo Mama. Mimi nauza nafaka pale Kongowea, maharagwe, ndengu na mchele. Nimeokoka na wenzangu wote sokoni wajua, ata huniita Mama Haleluya. Shida yangu ni gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Hapa karibu kila mtu mkebe wake umebondwa kitako kikaingia ndani, na mimi wangu niliununua ukiwa hivo hivo tayari. Nikitumia mkebe mzima na bei ikiwa ni ile ile ya soko napata hasara. Mume wangu asema hiyo ndo biashara na wateja wenyewe washajua. Je ni dhambi? – Mama wa Kongowea*

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu hukuzunguka. Ndio, ni dhambi, na wewe washajua ni dhambi ndo maana umeandika. Mithali 11:1 yasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na Walawi 19:36 imetaja mpaka vipimo vyenyewe, efa ya haki na hini ya haki, yaani Mungu alishuka mpaka kwenye mkebe wa muuza nafaka. Sasa hiyo efa ya siku hizi pale Kongowea ndo gorogoro yako.

Hiyo ya kusema wateja wajua, hebu tuiangalie vizuri. Wajua wote? Yule mama wa kila siku ajua, ata akinunua huangalia kitako cha mkebe kwanza ndo aseme nipimie. Lakini mtoto aliyetumwa na nyanya yake kutoka Maweni na noti mkononi hajui. Mgeni aliyeshuka gari jana kutoka bara hajui. Kwa hivo anayepunjwa kila siku ni yule asiyejua, na huyo ndo aliyekuamini.

Na usisahau iko sheria ya nchi pia, sheria ya mizani na vipimo, Sura 513, na maafisa wa vipimo wakipita wanaweza kuchukua mkebe wako na wakakushtaki, halafu utaitwa Mama Haleluya hivo hivo ukipandishwa gari ya kaunti. Wenzako watacheka mwaka mzima.

Sasa hasara. Mimi nimekulia nyuma ya meza ya mboga, marehemu mama yangu akiuza pale soko la Marikiti, kwa hivo sitakudanganya ati Mungu atakurudishia kesho asubuhi. Ukipima kamili kwa bei ya aliyebonda mkebe utaumia kweli. Kwa hivo usishindane naye kwa bei. Fanya hivi, tafuta mkebe mzima, na kama waweza tafuta mizani iliyopigwa muhuri uuze kwa kilo, halafu pandisha bei kidogo kulingana na kile ulichokuwa ukikiiba (samahani kwa neno lakini ndilo hilo). Mteja akilalamika mbona kwako ghali, usimhubirie. Chukua mkebe wa jirani ukiwa umejaa, mimina ndani ya mkebe wako, mwache aone kwa macho nafaka imefika wapi. Usimtaje jirani wala usimsengenye, mkebe utajisemea. Wiki za mwanzo utapoteza wateja. Wale wa hoteli ndogo ndogo watakuwa wa kwanza kurudi, kwa sababu wao hupima tena wakifika jikoni.

Na mkebe wako wa zamani usimuuzie mtu, tafadhali. Upondeponde.

*Mama, kundi letu la vijana huenda kutembelea watoto yatima na wagonjwa. Wengine wasema tusipige picha, wengine wasema tupige tuweke stetasi ili watu waone na wavutike. Biblia yasema nuru iangaze, halafu tena yasema tusionekane. Tushike gani? – Kijana wa Mikindani*

Mathayo 5:16 na Mathayo 6:1, kurasa mbili tu katikati na ni mhubiri yule yule mlimani, kwa hivo hajipingi. Ya kwanza yasema watu wayaone matendo mema "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni". Ya pili yakataza kufanya wema "kusudi mtazamwe". Tofauti iko kwa hilo kusudi, na kusudi lako wewe walijua, mimi siwezi kuliona kutoka huku.

Lakini nina swali dogo la kukusaidia. Kwenye hizo picha, nani yuko mbele? Kama ni nyinyi mmesimama na tishati za kundi, unga umeshikwa juu juu kama kombe la mpira, na mtoto amesukumwa katikati macho chini, basi hapo mmejipiga picha nyinyi. Na huyo mtoto ana miaka mingapi, na ni nani aliyemuuliza kama anataka kila mtu shuleni kwao ajue kuwa huletewa unga? Mkitaka kuvuta vijana wengine waambieni kwa mdomo, Jumamosi twaenda kufua nguo za wagonjwa, njooni. Atakayekuja kufua bila kamera huyo ndo wenu.

*Mama, mimi ni dada wa kazi hapa Nyali. Bosi wangu ni mama mkubwa kanisani, huongoza maombi na hutoa ushuhuda mpaka watu walie. Kwangu mimi hajanilipa miezi miwili sasa, kila nikiuliza aniambia nimwombee Mungu amfungulie milango. Jumapili nataka kwenda kanisani asema nani atabaki na watoto. Nashindwa kuomba Mama, nikisikia wimbo wa kusifu nahisi hasira. Je nimerudi nyuma kiimani? – Dada wa kazi*

Pole sana mwanangu. Barua hii nimeisoma nikaweka chini, nikaenda nikachemsha chai, nikarudi nikaisoma tena.

Kwanza wewe hujarudi nyuma kokote. Hasira yako ni hasira ambayo Biblia inayo. Yakobo 5:4, ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiliwa kwa hila, "unapiga kelele", na hizo kelele zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Walawi 19:13 yasema mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu! Wewe wako umelala miezi miwili. Kwa hivo wakati bosi anaomba sebuleni kwa sauti, kuna sauti nyingine inaomba ikitoka jikoni, na mimi kama ningekuwa yeye ningeogopa ni ipi inayosikika kwanza.

Sasa mambo ya kufanya. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inakuhesabu wewe mfanyakazi kamili, ata kama hamkuandikiana, mapatano ya mdomo pia ni mapatano. Inasema siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka na unalipwa. Siku yako ya kupumzika si zawadi anayokupa akifurahi. Mwambie siku akiwa ametulia, si wakati anatoka mbio kwenda kwa mkutano wa maombi, na umwambie kwa heshima ile ile ya siku zote, mama naomba tukae chini tuhesabu mshahara wangu. Andika kwa daftari tarehe uliyoanza, pesa mlizokubaliana, na alizokulipa. Kama hulipwa kwa M-Pesa zile meseji usizifute. Akikataa kabisa iko ofisi ya kazi ya serikali, na kiko chama cha wafanyakazi kinachoitwa KUDHEIHA ambacho wafanyakazi wa nyumbani pia ni watu wake. Kabla ya hapo waweza pia kumwambia mchungaji wenu au mama mmoja mzima mwenye busara kanisani, ile ya Mathayo 18, kwanza wawili peke yenu, halafu na shahidi. Si kusengenya huko. Kusengenya ni ukienda kwa jirani wa ploti ya pili.

Sasa naomba dada apishe kidogo nizungumze na bosi, manake najua jarida hili mwalisoma nyinyi wenyewe mkiwa saluni. Mama, wewe ukiwa kanisani watu wakuona saa tatu kwa wiki, umeoga, umevaa, umejiandaa. Msichana wako akuona saa kumi na moja alfajiri umeamka na hasira ya jana. Asikia unavyozungumza na mumeo, ajua unavyosema kuhusu mchungaji ukikata simu, na ajua kama watu wa deni wakija huambiwa mama hayuko. Akirudi kwao Kilifi au Kitui akiulizwa watu waliookoka wakoje, jibu ni wewe. Paulo aliwaambia Wakorintho nyinyi ni barua inayosomwa na watu wote, na sasa barua yako yasomwa na mtu ambaye umemkopa mshahara wake kwa lazima. Mlipe leo. Kama huna pesa zote mpe nusu leo na umwambie tarehe ya nusu nyingine, na umwombe msamaha kwa kumwambia aombe wakati alikuwa anadai. Na kama mshahara wake ni mzigo kwako basi msaidizi wa siku nzima humuwezi, tafuta wa kufua mara mbili kwa wiki. Hakuna aibu.

Na Jumapili muende naye! Watoto si wana shule ya Jumapili?

*Mama, kanisa letu ni jipya, tumekodi kibanda cha mabati huku Mishomoroni, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi twakesha. Majirani wamelalamika kwa chifu, wengi ni Waislamu, lakini ata Wakristo wako. Mchungaji asema ni vita vya adui na tuongeze sauti, ametoa mfano wa Paulo na Sila walivyoimba usiku wa manane gerezani. Mimi ni mzee wa kanisa na moyo wangu hautulii. Je nikinyamaza nitakuwa nimeisaliti kazi ya Mungu? – Mzee wa kanisa*

Asante mzee wangu, moyo wako hautulii kwa sababu nzuri. Mimi pia napenda kesha, nimekesha sana, na yako maombi ambayo saa nane za usiku hutoka ndani kuliko ya mchana. Sina neno na kesha lenyewe. Neno langu ni kwa zile spika mbili zilizofungwa juu ya mlango zikielekea nje.

Tuanze na Paulo na Sila, Matendo 16. Wale walikuwa wawili, wamefungwa miguu kwenye mkatale, migongo imepigwa, na hawakuwa na kinanda. Wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza, yaani hakuna aliyelalamika. Halafu tetemeko likaja milango ikafunguka, na Paulo kitu cha kwanza alichopaza sauti ni kumwokoa mlinzi wa jela asijidhuru. Kama mchungaji anataka huo mfano auchukue wote mpaka mwisho, manake usiku ule aliyefaidika zaidi ni mtu wa upande wa pili. Kwenu, mtu wa upande wa pili ana mtoto mwenye homa amelala ukutani kwa kibanda chenu.

Na uko mstari ambao wapenda spika hawausomi, Mithali 27:14. Anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema itahesabiwa kwake kuwa laana. Asubuhi na mapema tu hiyo, saa tisa za usiku Suleimani ata hakuziwaza.

Kisha kuna Kaisari. Kanuni za kelele za mwaka 2009, ambazo ni za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, zimetaja nyumba za ibada kabisa kwa jina, mchana kiwango ni desibeli 40, na kuanzia saa mbili za usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni 35. Ili ujue 35 ni kitu gani, watu wawili wakizungumza kawaida tu huwa kama 60. Kwa hivo si suala la kupunguza kidogo, usiku spika za nje hazina nafasi kabisa. Na kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya makanisa peke yake, ya disko imo, ya viwanda imo, sasa ukiambiwa ni adui uliza adui gani huyo anayefunga na disko pia.

Hapo Kengeleni karibu na nyinyi pameitwa hivo kwa sababu ya kengele ya Freretown, ule mtaa ambao wamishenari wa Kianglikana waliuanzisha 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Kengele ile ilikuwa ya kuwaonya watu, kuwaambia jihadharini kuna meli za watumwa zinakuja. Wakristo wa Kisauni walianza na kengele iliyowasaidia watu wa pale kulala salama, na leo wajukuu zao wa imani tunawanyima usingizi. Mimi hilo hunichekesha na kunichoma pamoja.

Kwa hivo mzee, usinyamaze, lakini pia usisimame mbele ya kanisa Jumapili. Nenda kwa mchungaji nyumbani, kunywa chai kwanza. Mwambie kesha liendelee, spika za nje zishuke, kinanda kizimwe saa mbili, baada ya hapo ni sauti za watu tu na madirisha ya upande wa majirani yafungwe. Au mkodishe ukumbi wa shule Ijumaa hiyo, ziko shule mbali na nyumba. Halafu wewe na yeye, nyinyi wawili, mzunguke zile nyumba sita saba za karibu muombe radhi. Msibebe vipeperushi! Msialike mtu kanisani siku hiyo. Ombeni radhi muondoke. Mwenye duka wa hapo, yule ambaye nyinyi huchukua maji kwake (umeniandikia mwenyewe kwa barua), muanze na yeye.

Akikataa mchungaji? Basi wewe waambie chifu na majirani kwamba wako wazee wanaolishughulikia. Hujaisaliti kazi ya Mungu. Warumi 12:18, kwa upande wenu mkae katika amani na watu wote, na hao "wote" wamo wa Mishomoroni.

Na hapa nidokeze kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Stika za Yesu kwenye matatu. Juzi nimepanda gari kutoka Bamburi, kioo cha mbele chote ni damu ya Yesu, kile cha nyuma ni Zaburi 23, na dereva apita kwa njia ya waenda kwa miguu watoto wa shule wakiruka mtaroni, kondakta naye ana shilingi hamsini yangu asema hana chenji mpaka nimeshuka. Ndugu yangu, aidha ubandue stika au ubadilishe kuendesha. Ndo hayo, tuendelee.

*Mama, naishi Majengo na vijana wenzangu watatu Waislamu, tumeelewana vizuri sana. Ramadhani ikija wananialika futari kila jioni. Kuna dada wa ushirika wetu ameniambia nikila futari naidhoofisha imani yangu na sitakuwa mfano. Na mchana je, nikipika mle ndani ni vibaya? – Mpangaji*

Kula mwanangu, kula na ushukuru. 1 Wakorintho 10:27 imeandikwa kama vile Paulo aliishi Majengo, mtu asiyeamini akiwaalika nanyi mnataka kwenda, kuleni kila kiwekwacho mbele yenu bila kuuliza-uliza. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati, tende, hakuna hapo kitu cha kumtenga mtu na Kristo. Wakiomba dua yao tulia, na wewe shukuru kimoyomoyo au kwa sauti kama wamezoea, wao hawatashangaa. Mombasa tumeishi hivi siku nyingi, ata lile kanisa kuu la Kianglikana la Nkrumah Road ambalo lilijengwa kati ya 1903 na 1905 lina kuba juu kama msikiti, na wageni wengi hupita wakidhani ni msikiti.

Mchana pika, kwani umefunga wewe? Lakini usikaange samaki saa tisa na nusu dirisha wazi na wenzako wamelala na njaa mkekani, hiyo si dini ni ustaarabu tu. Na usikae kula daima bila kupeleka kitu. Siku moja moja toka na matikiti, au wapikie wewe, na Krismasi waite. Wakikuuliza kwa nini wewe hufanyi hili na lile, waambie unachoamini bila kuona haya na bila kukashifu chao. Yule dada wa ushirika mwambie asante kwa kunijali, na umkaribishe futari aje aone, pengine hajawahi kuingia nyumba ya Mwislamu maisha yake.

Ila kitu kimoja. Ukiwa na hao vijana ukasema nitalipa stima tarehe tano basi lipa tarehe tano.

*Mama, mimi ni Mgiriama, naoa mwezi ujao mke kutoka Kaloleni. Wazee wa kwao wametaka kadzama, kibuyu cha pombe ya mnazi, ndo mazungumzo ya mahari yaanze. Mimi na mchumba wangu tumeokoka na mnazi tuliapa kuachana nao. Nikikataa nitaonekana nadharau wazee, nikileta nitaonekana mnafiki. Nisaidie haraka. – Bwana harusi mtarajiwa*

Haraka basi. Hongera kwanza! Kadzama hapo kazi yake ni adabu, ni kibuyu cha kusema naja kwa heshima zenu naomba mlango. Wazee hawajali sana kilichomo kuliko wanavyojali kama umekuja mikono mitupu na kiburi cha mjini. Siku hizi nyumba nyingi za Kikristo kule juu hutoa kadzama ya pesa, au soda, na wazee wenyewe wengi ni watu wa kanisa, Rabai hapo jirani Injili ilifika tangu Krapf na Rebmann mwaka 1846, hutakuwa wewe wa kwanza kuwaletea swali hili.

Lakini usiende ukalitamka wewe siku ile mbele ya ukumbi, ati sisi tumeokoka hatuleti pombe. Hapo utakuwa umewaita wao wote walevi kabla hujapewa mke. Tafuta mzee wa kwenu, mjomba au baba mdogo anayejua kusema, mtume wiki moja kabla aende kwa mzee mwenzake wa kule azungumze pembeni, aulize kwenu huku kadzama ya vijana wa kanisa huwa ni nini. Watampa bei. Wakishataja usipunguze ata shilingi, hapo si Kongowea.

Na siku yenyewe fika mapema, vua viatu, ukipewa mkeka kaa kwa mkeka ata kama suruali ni mpya. Kukiwa na mzee atakunywa mnazi wake wa kujinunulia kwenye kivuli usimkazie macho, na akikuita mpe mkono.